Kipimo cha radoni kimepanda: nani aitwe, na alipwe kwa kazi gani?

Majira ya baridi watu hufunga madirisha, hupima radoni, gesi yenye mionzi itokayo ardhini, ndani ya nyumba zao, kisha huniandikia. Nimechagua maswali matano kutoka kwa Waswahili wenzetu walioko Marekani.

Shikamoo. Kipimo cha besimenti yetu kimetoa 9.6, na ndiko watoto wanakolala. Mume wangu anasema gesi isiyonuka wala kuonekana ni mbinu ya kuuza mabomba. Tuite fundi kweli? – Mama watatu, Brooklyn Park, Minnesota

Marahaba, mama. Iteni. Hizo ni pikokyuri (kizio cha kupimia mionzi) 9.6 kwa kila lita ya hewa. EPA, idara ya serikali kuu inayosimamia mazingira, inashauri nyumba irekebishwe ikifika 4, na mwenye nyumba afikirie kurekebisha hata ikiwa kati ya 2 na 4. Radoni hutokana na urani iliyomo ardhini, hupenya kwenye nyufa na matundu ya sakafu, kisha huvutwa mapafuni. EPA inakadiria kuwa kila mwaka Wamarekani wapatao 21,000 hufa kwa saratani ya mapafu itokanayo nayo. Kwa saratani hiyo ni sigara tu inayoua wengi zaidi, na mvutaji anayeishi kwenye radoni nyingi yuko hatarini maradufu.

Baba watoto msimulie kisa cha Stanley Watras. Mwaka 1984 alikuwa mhandisi kwenye ujenzi wa kinu cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania. Mitambo ya kukagua mionzi ikawa inapiga kengele kila apitapo, na kinu chenyewe kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Walipofuatilia wakakuta mionzi anaitoa nyumbani kwake: hewa ya nyumba ilikuwa na pikokyuri zipatazo 2,700 kwa lita. Hakuna muuza mabomba aliyetunga hilo.

Kwa kuwa chenu kimezidi 8, rudieni kipimo cha siku chache sasa hivi bila kungoja, na wakati huo huo anzeni kutafuta mkandarasi. Watoto wahamishieni juu kwa sasa. Hatari hujengeka kwa miaka, kwa hiyo hamna haja ya kukimbia nyumba, ila msiuache mwaka upite.

Ndugu mmoja wa kanisani kwetu ni fundi bomba hodari. Amesema atatufungia mfumo wa radoni kwa dola 500, wakati kampuni zinataka zaidi ya 1,500. Kuna ubaya? – Columbus, Ohio

Upo, na hili ndilo swali ninalolipa uzito kuliko yote.

Ohio anayelipwa kufanya kazi hii lazima awe na leseni ya Idara ya Afya ya jimbo. Minnesota, Iowa, Illinois na Pennsylvania nazo zina sheria zao. Kwenye majimbo yasiyo na sheria, tafuta mtu mwenye cheti cha NRPP au NRSB, taasisi mbili za kitaifa zinazothibitisha mafundi wa radoni. Jina lake lihakiki mwenyewe kwenye orodha ya jimbo au ya taasisi. Picha ya cheti kwenye simu haitoshi.

Ndugu yenu anajua kuunganisha bomba, sina shaka. Lakini kazi hii ni kufyonza hewa chini ya zege. Fundi hutoboa sakafu, huteremsha bomba la PVC hadi kwenye kokoto, na feni huvuta gesi kabla haijaingia ndani na kuitoa juu ya paa. Kama chini kuna udongo mzito badala ya kokoto, tundu moja huenda lisifike kona ya pili ya nyumba. Ndiyo maana mkandarasi mzuri hushuka besimenti, huuliza nyumba ilijengwa lini na msingi ni wa aina gani, hutazama shimo la pampu ya maji, na mara nyingi hutoboa tundu dogo la majaribio aone mvuto unafika wapi.

Feni isifungwe kamwe ndani ya besimenti. Sehemu ya bomba iliyo juu ya feni husukuma hewa, kwa hiyo ikivuja inawapulizia radoni iliyokolea humo humo mnamoishi. Mahali pake ni darini au nje. Mdomo wa bomba uwe juu ya ukingo wa paa, futi 10 au zaidi kutoka ardhini, mbali na madirisha. Na kama mna tanuri ya kupashia nyumba joto au hita ya maji ya gesi, fundi ahakikishe mvuto mpya haurudishi moshi ndani. Kosa hilo linaweza kuua kwa usiku mmoja.

Chukueni makadirio kwa watu watatu. Nyumba ya kawaida mara nyingi hugharimu kati ya dola 1,200 na 3,000. Mkataba useme bomba litapita wapi, nani anavuta umeme, na kipimo kitashuka hadi ngapi. Wengi huahidi chini ya 4. Ombeni chini ya 2, maana nyumba nyingi hufika huko. Kisha iandikwe kwamba kisiposhuka atarudi kurekebisha bila malipo. Asiyekubali kuandika hilo, muageni kwa heshima.

Nyumba yetu ya 2015 tayari ina bomba la radoni, lakini kipimo ni 5. Tumeuziwa bomba bovu? – Rochester, Minnesota

Si lazima. Tangu 2009 kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka nyumba mpya ziwekewe bomba lisilo na feni, ambalo hutegemea hewa kupanda yenyewe. Mara nyingi halitoshi. Mwiteni mwenye leseni aongeze feni, na aache kibandiko cha Idara ya Afya kwenye mfumo kama sheria ya jimbo inavyotaka. Kuziba nyufa peke yake hakutawasaidia.

Fundi ameshamaliza, feni inaunguruma. Nitajuaje kama imefanya kazi? – Des Moines, Iowa

Kwa kupima tu. Subiri saa 24 feni ikiwa inafanya kazi, kisha pima ndani ya siku 30, madirisha yakiwa yamefungwa kuanzia saa 12 kabla. Apime mtu mwingine au pima mwenyewe, asijisahihishie mtihani aliyefunga mfumo. Kile kimrija chenye maji ya rangi kwenye bomba huonyesha kama feni inavuta: pande mbili zikiwa sawa, imekufa. Hakipimi radoni. Rudia kipimo kila miaka miwili.

Mimi ni mpangaji, nimetoka Kivu. Naogopa nikimuuliza mwenye nyumba atanifukuza. – Lewiston, Maine

Pole, mama. Maine sheria inawataka wenye nyumba za kupangisha wapime radoni na kuwajulisha wapangaji, kwa hiyo unaomba kilicho haki yako. Mwandikie barua fupi ya adabu ukiomba matokeo, ubaki na nakala. Kama unakaa ghorofa za juu, kwa kawaida radoni ya kutoka ardhini hupungua. Usitoe fedha yako kutobolea sakafu ya mwenzio. Hiyo ni kazi yake, na aifanye kwa fundi aliyesajiliwa na jimbo.

Kwa maswali ya ziada, mahali popote Marekani, iko simu ya taifa ya radoni: 1-800-767-7236. Walioko Colorado wenye kipato kidogo na wanaoishi kwenye nyumba zao wenyewe, ulizeni idara ya afya ya jimbo kuhusu msaada wa kulipia kazi hii kabla hamjakopa.