Shangazi, nikikataa kuruka nitamwambia nini baba?

SWALI: Shikamoo, Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 28, rubani katika kampuni ndogo inayosafirisha watalii kati ya Arusha, Serengeti na Zanzibar. Baba aliuza shamba la kahawa Karagwe, na ukoo ukachanga, ili nikasomee urubani Afrika Kusini. Sasa bosi wangu anataka niruke hata pale mzigo unapozidi uzani unaoruhusiwa, na hitilafu nisiziandike mpaka safari za siku ziishe. Mkataba unasema nikiondoka kabla ya miaka mitatu nilipe gharama za mafunzo waliyonipa. Nyumbani wanaamini nina fedha nyingi, na wadogo zangu wanasubiri ada. Nikikataa nitafukuzwa, na nikikubali silali. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, binti yangu.

Umeniuliza habari za bosi wako, lakini mimi naona shamba la Karagwe limekaa katikati ya barua yako. Naamini hilo ndilo linalokuziba mdomo pale uwanjani, kwa maana kila unapotaka kukataa safari unaona sura ya baba yako na ya wote waliotoa mchango wao, unajiona kama mtu anayetaka kutupa jasho la watu. Bosi wako huenda hajui lolote kuhusu shamba hilo, ila anavuna kutokana na hofu liliyokutia. Kwa hiyo nitakujibu kuhusu kazi kwanza, kisha nirudi kwa baba, ambako nadhani ndiko kwenye kazi ngumu zaidi.

Kuhusu uzani, usikubali kuambiwa kwamba kilo chache si kitu. Ndege aina ya Cessna Caravan, ambayo kampuni nyingi za njia hizo huitumia, ina injini moja tu, na uzani wake wa juu wa kuruka ni chini kidogo ya kilo 4,000, pamoja na mafuta, abiria na mizigo yao. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kiwanja cha Seronera, kule Serengeti, kiko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwamba jua la mchana linapopasha hewa ambayo tayari ni nyepesi, mabawa hupata nguvu pungufu ya kuinua, propela huvuta kidogo, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi kabla ya kuacha ardhi. Mzigo ulioruka bila shida kutoka Zanzibar asubuhi unaweza kuwa hatari ukirushwa kutoka Seronera saa saba mchana. Watalii huambiwa mapema kwamba mizigo ina kikomo, mara nyingi kilo 15 kwa mtu, na sababu ya kikomo hicho ni hesabu hiyo hiyo. Mgeni aliyekuja na sanduku la kilo 30 ataudhika likiachwa lije na ndege inayofuata. Aachwe audhike.

Hitilafu isiyoandikwa ina ubaya wa namna nyingine, kwa sababu rubani atakayeipokea ndege hiyo kesho ataitegemea sahihi yako akiamini kwamba chombo ni kizima. Unapoficha, unamfanyia uamuzi mwenzako asiye na habari, na abiria wake pia. Hapo sina ushauri wa katikati wa kukupa, mwanangu: andika, kila mara, siku hiyo hiyo, kabla ndege haijaruka tena.

Unayo haki ya kukataa, tena imeandikwa. Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ambao Tanzania ni mwanachama wake, kinampa rubani mkuu kauli ya mwisho juu ya ndege anayoiongoza. Hakuna meneja aliyekaa ofisini Arusha anayeweza kukunyang'anya kauli hiyo kwa simu. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba kukataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana ruhusa ya kisheria kukutaka ulifanye si sababu halali ya kukuachisha kazi. Kinga hiyo haiwahusu walio na chini ya miezi sita kazini, kwa hiyo angalia tarehe yako ya kuajiriwa. Ukifukuzwa, una siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usizipoteze kwa kulia nyumbani. Tangu leo, kila agizo unalopewa kwa mdomo lijibu kwa ujumbe wa maandishi wenye adabu, ukieleza uzani uliopatikana, uzani unaoruhusiwa na uamuzi wako, na nakala uitunze mahali ambapo kampuni haifiki. Agizo likirudiwa, peleka taarifa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mkataba wa miaka mitatu mpelekee wakili ausome kabla hujauogopa zaidi.

Neno lako la kutolala limenikaa moyoni. Mwezi Februari 2009 ndege ya kampuni ndogo ya Marekani, Colgan Air, ilianguka karibu na Buffalo na kuua watu 50. Rubani mkuu aliuvuta usukani pale ambapo alipaswa kuusukuma, na wachunguzi walisema kwamba yeye na msaidizi wake huenda walikuwa wamelemewa na uchovu. Rubani msaidizi, binti aliyekuwa na umri wa miaka 24, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili kuwahi kazi. Asubuhi ambayo umekesha ukihesabu madeni, hufai kuruka, hata kama karatasi zote za ndege ni safi. Piga simu useme hivyo.

Sasa baba. Mwandalie hesabu yako ya mwezi kwenye karatasi: mshahara unaofika mkononi, kodi ya nyumba, gharama za vipimo vya afya na za leseni, na kinachobaki. Nenda Karagwe ukakae naye wawili, kabla ya kikao chochote cha ukoo, umweleze unacholipwa na unachoagizwa kufanya. Mweleze pia kwamba leseni ya juu ya urubani wa mashirika huhitaji saa 1,500 za kuruka, kwamba bado unazikusanya, na kwamba kipato cha kampuni kubwa kiko mbele ya saa hizo. Kisha taja kiasi unachoweza kutoa kwa ada za wadogo zako bila kukopa, na usikipandishe kwa aibu. Huenda akanyamaza, huenda akakasirika kwa siku kadhaa. Lakini mzazi aliyeuza shamba ili uruke ana haki ya kujua unaruka katika hali gani, na sidhani kama yupo baba Karagwe ambaye, akiambiwa ukweli huo wote, angekutuma ukapande ndege iliyozidi uzani.

Nenda mapema. Msimu wa wageni unaanza kushika Juni, na ndipo simu za bosi wako zitakapoongezeka.