Kuuliza si uchuro, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza biashara yetu itashikwa na nani nitakapokuwa sipo, kisha ukaomba radhi, ukihofu kwamba kuuliza hivyo ni kunichuria. Si uchuro hata kidogo. Nimefurahi umeuliza wakati mwenye jibu ningali hai, na akili zangu timamu.

Dhirubhai Ambani, aliyeijenga kampuni kubwa ya Reliance kule India, alifariki Julai 2002 bila kuacha wosia. Wanawe, Mukesh na Anil, walikuwa wasomi na wazoefu, wote wawili wamo kazini. Kilichokosekana ni neno la baba: nani ashike nini. Ugomvi ukatoka hadharani, na mwaka 2005 mama yao, Kokilaben, akasimamia mgawanyo. Mukesh akabaki na mafuta na petrokemikali, Anil akachukua simu, umeme na huduma za fedha. Hata hapo hawakutulia; kesi ya gesi iliwafikisha Mahakama ya Juu, ikaamuliwa 2010. Namfikiria sana mama yule.

Swali lako limebeba mawili: nani atamiliki, na nani ataendesha. Hisa mtapata nyote, kwa sababu nyote ni wanangu. Kuendesha ni kazi; hupewa anayeiweza, naye hulipwa mshahara wake kando na gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa. Renato Tagiuri na John Davis wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, miaka ya 1970, walilieleza jambo hili kwa maduara matatu yanayopishana: familia, wenye mali na watendaji. Wewe utakuwa ndani ya yote matatu. Kaka yako atakuwa na hisa lakini hafanyi kazi hapa. Mhasibu wetu anafanya kazi, hisa hana. Faida ikipatikana, kaka yako atatamani gawio, wewe utatamani mashine mpya, na hakuna kati yenu mwenye nia mbaya. Msipolielewa hilo mapema, mtaanza kushukiana.

Jina la atakayeendesha ninalo, ila sitaliandika humu. Nikikwambia wewe kwanza, liwe jina lako au la mwingine, wenzako watahisi limepangwa nyuma ya migongo yao. Nitalitaja mbele yenu nyote, siku moja, pamoja na sababu zangu, na asiyekubali aseme papo hapo nimsikie.

Baada ya hapo ndipo kazi inaanza. Wasambazaji wakubwa wamezoea kunipigia mimi, na nyingi ya ahadi nilizowapa wateja wa mkopo ni za mdomo. Nitazikalisha zote kwenye daftari, na kila msambazaji nitamtembelea nikiwa na mrithi wangu. Benki tutaongeza mtia saini wa pili, kwani aliyetia saini peke yake akifariki, akaunti inaweza kuzuiliwa hadi mambo ya mirathi yaishe, na mishahara ya watu haingoji. Huyo mrithi lazima aamue mambo nikiwapo, akosee, arekebishe mwenyewe. Sitabatilisha neno lake mbele ya wafanyakazi. Nikiwa na la kusema, nitamwita pembeni.

Wosia nao lazima ulingane na katiba ya kampuni, maana katiba inaweza kuweka masharti ya nani aruhusiwe kupokea hisa. Hilo nimemwachia mwanasheria.

Tutakaa hesabu za mwaka zikishafungwa. Wenzi wenu wasiwepo kikao cha kwanza, ila cha pili nawataka waje: wao ndio mtakaozungumza nao usiku, na heri wasikie kwangu kuliko wasikie nusu nusu.

Wewe njoo umelifikiria hili: mmoja wenu akitaka kuuza hisa zake, nani awe wa kwanza kuzinunua, bei ipangwe na nani, na alipwe kwa muda gani bila kuikausha biashara? Nimewaomba na ndugu zako walifikirie. Nataka kusikia jibu la kila mmoja kabla sijasema langu.

Mama yako