Jeni, chandarua na p ya 0.41

SWALI: Nasomea afya ya jamii hapa Jinja. Utafiti wangu ni wa malaria kali kwa watoto: wenye jeni moja ya seli mundu (AS) na wasio nayo (AA), wanaolala ndani ya chandarua na wasiolala. Kwenye regresheni ya lojistiki (modeli ya kupima nani anaugua na nani haugui), mwingiliano, yaani faida ya chandarua kutofautiana kati ya AS na AA, umetoa p ya 0.41 (kipimo cha jinsi bahati tu inavyoweza kuzaa matokeo kama haya). Niandike kwamba haupo?

JIBU: Usiandike hivyo, ndugu yangu. Lojistiki hupima mwingiliano kwa kuzidisha, na huenda swali lako ni la kujumlisha. Chukua mfano wa kubuni. Bila chandarua, katika kila watoto 1,000 wa AA wanaugua 40, wa AS 20. Wenye chandarua, AA 20, AS 10. Ukigawanya, chandarua kimepunguza hatari kwa nusu pande zote mbili: mwingiliano hakuna. Ukitoa, kimeokoa watoto 20 upande wa AA na 10 tu upande wa AS: mwingiliano upo, na takwimu ni zilezile! Anayegawa vyandarua wilayani anahitaji hesabu ya kutoa. Ripoti zote mbili, kila moja na mipaka yake ya uhakika ya asilimia 95 (kiwango cha chini na cha juu ambamo jibu la kweli huenda limo).

Tena, p kubwa huweza kuwa ni sampuli ndogo tu. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alichapisha matokeo ya watoto 290 wa Kiganda: vimelea vya malaria vilionekana kwa 12 kati ya 43 wenye jeni hiyo, na kwa 113 kati ya 247 wasio nayo. Idadi hiyo ilitosha kuonyesha athari ya jeni peke yake. Kwa mwingiliano wa ukubwa kama huo, tarajia sampuli mara nne au zaidi.

Mimi nina wasiwasi zaidi na chandarua chenyewe. Ukiuliza "mtoto alilala ndani jana?", wazazi wengi watasema ndiyo. Omba ruhusa uone kama kimetundikwa juu ya kitanda au kimefunika miche ya nyanya. Majibu ya kubahatisha kwa kawaida hufifisha mwingiliano.

Kipato nacho: ukikiingiza kwenye modeli, ingiza pia kipato kilichozidishwa kwa jeni na kipato kilichozidishwa kwa chandarua. Wengi huacha hilo, halafu tofauti za kipato zinajitokeza kwa sura ya mwingiliano wa jeni. Na kama una ndugu wa nyumba moja, usiwahesabu kama watu baki. Wanafanana jeni na wanaumwa na mbu walewale, kwa hiyo tumia modeli inayotambua kaya.