Ukikodi skuta Chiang Mai, pasipoti ibaki mfukoni

Sisi tunaotoka Tanzania na Kenya tukifika Thailand hujiamini mapema. Magari yanapita kushoto kama kwetu, na pikipiki tumezizoea tangu utotoni. Mjini Chiang Mai maduka ya kukodisha skuta yamejaa, na mimi nakushauri ukodi, maana utafika kwenye mahekalu na vijiji vya milimani kwa muda wako mwenyewe. Ila malizana na makaratasi kwanza.

Dukani wengi watataka uache pasipoti iwe dhamana. Kataa. Ikishakuwa mikononi mwao, mkwaruzo wowote mtakaobishania utaulipa kwa bei wanayotaka, kwa sababu bila pasipoti huendi popote. Mimi nilitoa nakala yake na baht 3,000 taslimu, nikadai risiti. Duka la kwanza walikataa, jirani yao akakubali bila maneno mengi. Kabla ya kuwasha niliizunguka skuta nikichukua video kwa simu: bodi pande zote, vioo, rimu, geji ya mafuta, mpaka chini karibu na stendi, mwenye duka akiwa amesimama hapo hapo anaona.

Leseni ya kimataifa ishughulikie nyumbani kabla ya safari, na hakikisha imegongwa mhuri kwenye daraja A, la pikipiki. Daraja B ni la gari, halikusaidii. Ukipata ajali, bima ya safari itaangalia leseni kabla ya kukulipa, na ikikosa hilo A, bili ya hospitali inaweza kukuangukia wewe. Ile bima ya lazima ya Thailand, wanayoiita por ror bor, hulipia matibabu kwa kiwango kidogo tu. Skuta ikiharibika au ikiibiwa, haihusiki.

Sasa mikono. Kama umezoea Boxer, mkono wako wa kushoto unajua klachi. Kwenye skuta ya otomatiki mkono huo ni breki ya nyuma, na ya mguuni haipo kabisa. Ukiubana wote kwa mazoea katikati ya kona, tairi la nyuma linafunga na unateleza. Kabla ya kuingia barabarani, tafuta uwanja mtupu uzunguke hadi mkono uzoee. Helmeti vaa ya kukutosha, uifunge mkanda. Wakikupa iliyolegea, omba nyingine.

Wengi huelekea Pai, mji mdogo wa milimani, kwa barabara namba 1095, maarufu kwa kona zake 762. Ni nzuri mno, lakini usiifanye safari yako ya kwanza na skuta. Kwenye miteremko usikalie breki mfululizo, zitapata moto na kupoteza nguvu. Punguza mwendo kabla ya kona, kisha achia. Mvua ikianza kunyesha asubuhi ya safari, iache skuta mjini upande basi dogo.