Chupa ya kijani kando ya sinki

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama abiria wa meli ya kitalii ana haki ya kupanda na pombe yake mwenyewe, maadamu ameinunua kwa jasho lake. Kwangu mimi chupa moja ya mvinyo inayobebwa mkononi na kuonekana na kila mtu haina ubaya. Pombe kali iachwe nyumbani. Na pombe iliyovishwa nguo ya kitu kingine hiyo siitaki kabisa, hata iwe kijiko kimoja. Nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni. Nimefanya mikataba miwili, ya miezi minane minane, nikiwa mhudumu wa vyumba kwenye meli iliyokuwa ikitoka Miami kila Jumamosi kwenda Bahamas na Mexico. Sinywi. Nilipopata kazi ile mama aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, huko utabeba pombe?" Nikamjibu, "La, mama, nitatandika vitanda." Sikumdanganya. Nilikuwa sijajua tu kwamba pombe inayoingia kwa siri hukaa palepale ninapopangusa: chooni, kabatini, chini ya kitanda.

Sheria zenyewe hazijafichwa, zimo kwenye masharti ya safari ambayo wengi hawayasomi. Makampuni ya meli za kitalii ya Carnival na Royal Caribbean humruhusu kila mtu mzima kupanda na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 siku ya kwanza, na lazima aishike mwenyewe, asiitie kwenye sanduku linalopelekwa na wapagazi. Kampuni ya Norwegian huruhusu mvinyo lakini hutoza dola 15 kwa kila chupa ya kawaida. Kati ya hawa, Disney ndio wakarimu zaidi, chupa mbili za mvinyo au bia sita kwa mtu mzima, mwanzo wa safari na tena kila mnaposhuka bandarini. Wiski, vodka, ramu na jini hazikubaliwi na yeyote kati yao. Ukinunua ramu bandarini, kama Nassau kule Bahamas au Cozumel kule Mexico, wanaichukua ngazini, wanakupa risiti, na unarudishiwa safari inapokwisha.

Basi watu hufanyaje? Hununua mtandaoni mifuko laini ya plastiki yenye kizibo, ambayo ikilazwa katikati ya nguo haileti umbo la chupa kwenye mashine ya eksirei. Wasomaji wa Tanzania mnakumbuka viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali vilivyopigwa marufuku Machi 2017, ambavyo hata mwanafunzi aliweza kuvificha kwa urahisi. Hii ni mifuko ya aina hiyohiyo, ila mikubwa. Wengine hujaza vodka kwenye chupa za maji, na hilo lilifika mahali ambapo Carnival, kuanzia Julai 2015, walikataza abiria kupanda na chupa yoyote ya maji au soda. Sasa ni makopo au pakiti, tena yasizidi 12. Fikiria familia inayozuiwa na chupa zake za maji kwa ajili ya ujanja wa wengine.

Na wapo wanaotumia chupa ya dawa ya kusukutulia kinywa. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Ilikuwa siku ya pili, tuko baharini, hakuna bandari. Kwenye sehemu yangu kulikuwa na familia ya watu wanne katika chumba kisicho na dirisha: baba, mama, binti wa kama miaka 12 na mvulana wa miaka saba hivi. Asubuhi nilipopangusa kando ya sinki nilikuta chupa mbili za kusukutulia, moja ya buluu, moja ya kijani. Ile ya kijani ilikuwa ya lita nzima, na utepe wa plastiki kwenye kifuniko ulikuwa umebandikwa upya, gundi inaonekana pembeni. Nikaiona, nikajua, nikairudisha mahali pake. Nilikuwa na vyumba 16 vya kumaliza. Isitoshe, wahudumu wa vyumba huishi kwa bahashishi, na anayeripoti wageni haipati.

Usiku, kabla ya saa tatu, mama yule alitoka mbio kwenye ujia amemshika mtoto mkono. Mtoto analia bila sauti, mdomo wazi, ulimi nje, macho yamejaa maji. Alikuwa ametumwa apige mswaki alale. Akajimiminia kifuniko kizima cha ile ya kijani, kama anavyofanya kwao, akasukutua, akashtuka, akameza.

Nilipiga simu ya dharura, nesi akapanda. Akamuuliza mama, "Amekunywa nini?" Mama akasema mtoto ana mzio. Akauliza tena. Mama akamtazama baba, baba amesimama mlangoni na taulo mkononi, hasemi. Mara ya tatu nesi akapiga magoti, akanusa mdomo wa mtoto, akainua uso. Hapo ndipo baba akasema, taratibu sana, "Ni vodka. Nilitia rangi ya keki."

Kutoka swali la kwanza hadi jibu lile zilipita labda dakika mbili. Kwangu zilikuwa ndefu kuliko mkataba mzima. Mtoto wa uzito ule, pombe kali inaweza kumshusha sukari ya damu akalegea na kupoteza fahamu, na nesi alikuwa anahitaji kujua ni kitu gani na ni kiasi gani. Hakuuliza hata mara moja ilipitaje ukaguzini. Wazazi wale walikuwa wanawapenda watoto wao, nililiona hilo kwa macho yangu. Lakini aibu ya kukiri kuwa walificha iliwafunga vinywa wakati mtoto wao anaungua.

Namshukuru Mungu, alikuwa amemeza kidogo. Walimlaza kwa daktari wa meli, wakampima sukari, wakamrudisha usiku wa manane amelala begani kwa baba. Asubuhi chupa ilikuwa kwenye pipa la taka, tupu. Taulo ilikuwa na doa la kijani lisilotoka hata kwa dawa ya kufulia.

Mimi nilipewa onyo la maandishi, kwa nini niliiona asubuhi nikanyamaza. Nilinung'unika wakati ule. Leo nasema walikuwa na haki. Ila abiria aliyeificha alirudi kwao na picha za likizo, na karatasi ile ikabaki kwenye faili langu.

Kwa hiyo mtu akiniambia "ni pesa yangu, ni pombe yangu", nakubali ni pesa yake. Lakini fikirini baa ya meli inavyofanya kazi. Kila kinywaji hulipiwa kwa kadi ya chumba, kwa hiyo kompyuta inajua umefika kingapi. Carnival, hata ukiwa umelipia kifurushi chao cha vinywaji, yaani bei moja ya kila siku badala ya kulipia kila glasi, ukifika vinywaji 15 vya kilevi ndani ya saa 24 hupewi kingine. Mhudumu wa baa naye anakuangalia macho na miguu. Chupa iliyo chumbani inavuruga hesabu yote hiyo: unamwomba mhudumu kinywaji ambacho kwake ni cha kwanza, kumbe kwako ni cha saba. Na kijana wa miaka 19, ambaye kwenye meli zinazotoka Marekani kwa kawaida hauziwi pombe mpaka afike 21, chumbani hana wa kumuuliza. Hospitali iko nchi kavu, na nchi kavu wakati mwingine ni usiku mzima wa safari.

Sasa niwe mkweli na upande wa pili. Makampuni husema ni usalama, na ni kweli, lakini ni biashara pia. Nauli huuzwa kwa bei ya kuvutia, halafu faida hutafutwa baa, kasino na kwenye matembezi ya bandarini. Juu ya bei ya kinywaji huongezwa ada ya huduma ya asilimia 18 au 20. Bia moja na nyingine zikifika kwenye hesabu ya mwisho, familia ya kawaida inashtuka. Ningependa makampuni yaseme wazi kwamba baa ndiyo inayobeba nauli, watu wakate shauri wakijua. Kwetu wamiliki wa kumbi husema. Kamati ya harusi ikienda kukodi ukumbi, swali la kwanza ni kama unaruhusiwa kuingia na vinywaji vyako, na mwenye ukumbi anajibu: ukija na vyako unalipa kiasi hiki, ukinunua vyangu ukumbi unashuka bei. Hakuna anayefunga kreti ndani ya kanga kwa sababu bei imezungumzwa mezani.

Najua ndugu zetu wanaoishi Houston na Dallas, Marekani, hupandia meli bandari ya Galveston, Texas, kila likizo, wengine kwa makundi ya kanisa na vyama. Wakiniuliza, nawaambia: beba mvinyo wako mmoja, uushike mkononi, uuonyeshe. Kama unajua utakunywa kila siku, piga hesabu ya kifurushi kabla ya kusafiri, na ukumbuke kwamba kwenye makampuni mengi mmoja akikinunua, watu wazima wote wa chumba hicho lazima wakinunue. Na kama ukaguzini wamelizuia sanduku lako, nenda ukalifungue kwa adabu. Kijana anayekusubiri pale ametoka Kilifi au Manila, na sheria ile hakuitunga yeye.

Na aliyekwisha kuificha, namwomba jambo moja. Ikitokea mtoto ameigusa, au mwenzako hajiwezi, inua simu ya chumbani, kwenye meli nyingi za Marekani namba ni 911, na neno lako la kwanza liwe jina la pombe yenyewe na kiasi alichokunywa. Usimngoje nesi aulize mara tatu.

Msomaji wenu, Likoni, Mombasa