Maswali na majibu: Mtoto anapotoka kwenye tiba ya mapema kwenda chekechea

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja. Mtoto mwenye mahitaji maalumu amehudumiwa nyumbani au kliniki tangu uchanga, sasa anakaribia miaka mitatu na chekechea inamsubiri. Nimekuwa mtoa tiba ya usemi kwa watoto wadogo kwa miaka mingi, na kipindi hiki ndicho ninachokiona kikiwakosesha wazazi usingizi kuliko kingine chochote.

Mwanangu ana miaka miwili na miezi saba, ana usonji. Mtoa tiba huja nyumbani kila wiki, na ametuambia mtoto akitimiza miaka mitatu ataendelea shuleni. Maandalizi tuyaanze lini? (Baba wa mtoto mmoja)

Anzeni wiki hii, baba. Marekani, ambako huduma za watoto walio chini ya miaka mitatu ziliingizwa kwenye sheria mwaka 1986, familia ikiridhia hufanyika kikao cha kupanga uhamisho, na kikao hicho hakitakiwi kuchelewa kuliko siku 90 kabla ya mtoto kutimiza miaka mitatu. Kinaweza kufanyika hata miezi 9 kabla. Mlipo huenda hakuna sheria ya namna hiyo, lakini hesabu yenyewe inafaa kuifuata. Mtoto atahitaji kupimwa upya, mwalimu atahitaji kuandaliwa, na kila hatua ina foleni yake.

Kuna badiliko moja ambalo wazazi hawaambiwi mapema. Tiba ya mapema humhudumia mtoto akiwa ndani ya familia yake: mtoa tiba anakaa nanyi sakafuni, na wewe unajifunza pamoja na mtoto. Shuleni anahudumiwa kama mwanafunzi, na wewe unabaki getini. Wazazi wengi hujisikia kama wamepokonywa kazi waliyokwisha kuizoea. Ni haki yenu kujisikia hivyo. Ndiyo maana ombi langu la kwanza ni hili: mwombeni mtoa tiba wenu aende shuleni walau asubuhi moja, mtoto akiwepo, amwoneshe mwalimu kwa vitendo. Dakika 30 za mwalimu kuona namna mnavyomtuliza zina faida kuliko simu kumi.

Shule iliomba ripoti, nikapeleka zote za hospitali, kurasa kumi na nne. Mwalimu alinirudishia, akaniambia kwa upole kwamba hakuelewa kitu. Nifanye nini? (Mama wa binti mwenye mtindio wa ubongo)

Mwalimu huyo amekusaidia, mama, kwa kusema ukweli. Ripoti za hospitali huandikwa na wataalamu kwa ajili ya wataalamu. Zinaeleza kilichopimwa. Mwalimu anataka kujua afanye nini saa mbili na nusu asubuhi binti yako akianza kulia.

Nitakueleza jambo ambalo bado linaniuma. Zamani nilimhudumia mtoto mmoja ambaye hakuwa na maneno. Akitaka maji, aligusa kidevu kwa vidole viwili. Mama yake alijua, mimi nilijua, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kumwambia mwalimu. Wiki nzima ya kwanza mtoto aligusa kidevu, hakupewa maji, akaishia kujitupa chini. Shuleni wakamwandika kuwa mkaidi. Mtoto alikuwa amevuka, lakini tuliyoyajua kuhusu yeye yalibaki ng'ambo. Tangu siku ile, kwangu mimi uhamisho ni kazi ya kuyavusha hayo.

Kwa hiyo andika ukurasa mmoja. Mmoja tu, kwa mkono, kwa lugha ya nyumbani, kana kwamba mtoto mwenyewe ndiye anayesema. Mfano: "Ninaelewa karibu yote unayoniambia, ila jibu langu huchelewa. Nisubiri, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Nikitazama juu, ninasema ndiyo. Kaa mbele yangu, maana ukiniita kutoka nyuma mwili wangu wote hukakamaa. Nikalishwe wima ninapokula, miguu ikanyage kitu, chakula kiwe laini, kijiko kidogo kidogo. Nikikohoa wakati wa kula, simamisha kwanza. Ninapenda nyimbo na ninachukia kelele za ghafla." Ukurasa kama huo mwalimu ataubandika ndani ya mlango wa kabati na kuusoma kila siku.

Ripoti zako zitunze, utazihitaji. Na kwa binti yako usiache kumwomba mtoa tiba wa viungo aende kupima kiti atakachokalia darasani. Mtoto ambaye kiwiliwili hakijashikiliwa vizuri hutumia nguvu zake zote kujizuia asianguke, na mikono haibakiwi na nguvu za kushika hata kalamu ya rangi.

Binti yangu mwenye hali ya Down bado anavaa nepi. Shule inasema wasiojua choo hawapokelewi. (Mama Mkubwa anayemlea)

Kanuni hiyo inamwadhibu mtoto kwa sababu ya ulemavu wake, na sioni haya kusema hivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, katika ibara ya 24 unataka elimu jumuishi katika ngazi zote, na mtoto afanyiwe marekebisho yanayofaa kulingana na mahitaji yake. Nenda na maneno hayo, ila nenda pia na pendekezo: nani atambadilisha, wapi, saa ngapi, na nepi utaleta mwenyewe. Mwalimu mkuu huwa mwepesi kukubali akiona umeshaufikiria ugumu wake.

Watoto wenye hali hii mara nyingi huchelewa kuacha nepi, na wengi husumbuliwa na choo kigumu, jambo linalowafanya waogope kukaa. Shughulikia hilo kwanza na daktari. Kisha mkalishe kwa saa zilezile kila siku, baada ya kula na kabla ya kuoga, dakika chache tu, bila kumkaripia.

Kabla hajaanza shule mpimishe masikio na macho. Hali ya Down huja mara nyingi na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto asiyesikia vizuri darasani hudhaniwa hasikilizi.

Mjukuu wangu anazungumza kwa kuonesha picha. Mimi naona zinamfanya mvivu wa kusema. Akienda shule si aziache? (Bibi)

Hapana, bibi, aende nazo. Wasiwasi wako ni wa kawaida sana na hata baadhi ya walimu wanao, lakini watafiti wameuchunguza mara nyingi na hawakuona kwamba picha au ishara zinazuia usemi. Watoto wengi huongeza maneno kidogo, kwa sababu kwa mara ya kwanza wanaonja utamu wa kueleweka. Kumnyang'anya picha siku ileile anapoingia mahali pageni ni kumziba mdomo. Tengenezeni seti mbili zinazofanana, moja ya nyumbani na moja ya shule, maana ile moja ikisahaulika kwenye mkoba, mtoto anashinda bubu.

Na lugha ya nyumbani endelea kumsemesha. Lugha mbili hazimchanganyi.

Nikimwacha analia hadi anatapika. Jirani ananishauri nitoroke asipoangalia. (Mama mdogo, mtoto wa kwanza)

Usitoroke, mdogo wangu. Mtoto aliyetorokwa mara moja hujifunza kwamba mama anaweza kuyeyuka wakati wowote, na kesho yake hatakuachia hata nguo. Muage. Maneno yaleyale kila siku, mafupi, kisha ondoka kweli. Usirudi dirishani.

Machozi hupunguzwa kabla ya siku yenyewe. Mpeleke shuleni mara kadhaa wakati hakuna watoto, ayazoee mazingira na harufu zake. Piga picha ya geti, ya mwalimu, ya choo, ya mahali pa kutundika mkoba, na mwisho picha yako ukiwa umesimama getini kumchukua. Zifunge ziwe kitabu, mkisome kila usiku kwa majuma mawili. Ile picha ya mwisho ndiyo atakayoirudia. Wiki ya kwanza akae saa moja, umchukue kabla hajachoka, kisha uongeze polepole. Bado akitapika baada ya majuma kadhaa, kaa na mwalimu mtafute kinachomtisha. Mara nyingi ni kitu kidogo ambacho mtu mzima hakioni: kengele, harufu ya choo, mwangwi wa chumba.

Mwanangu ana kifafa. Niwaambie, au watamkataa? (Hakutaja jina)

Waambie, na uwaandikie. Akidondoka wamlaze ubavu, waondoe vitu vigumu karibu naye, wasimtie chochote mdomoni, waangalie saa. Degedege likipita dakika 5, ni dharura, apelekwe hospitali. Kama ameandikiwa dawa ya dharura, mwalimu aoneshwe na daktari namna ya kuitumia. Naelewa hofu yako, lakini siri hii ni hatari kuliko kukataliwa.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Muhula ujao napokea watoto watatu wenye mahitaji tofauti na sijasomea elimu maalumu. Nianzie wapi? (Mwalimu)

Asante kwa kuandika, mwalimu. Mengi utayajua kutoka kwa wazazi wao, kwa hiyo waite kabla ya muhula, mmoja mmoja, na uulize maswali matatu: anapenda nini, anakuambiaje kwamba hataki, na nini humtuliza. Swali la pili ndilo la muhimu. Mtoto ambaye njia yake ya kukataa haijulikani atakataa kwa kuuma.

Darasani, bandika ratiba ya siku kwa picha, kwenye usawa wa macho ya watoto, na kila shughuli ikiisha igeuze picha yake. Hao watatu wataitegemea, na wenzao wote watafaidika. Toa agizo moja kwa wakati mmoja, kisha nyamaza. Weka kona tulivu yenye mkeka na usiitumie kamwe kama adhabu.

Kuwe na daftari la kwenda na kurudi nyumbani, mistari miwili kila siku: alikula nini, alifurahia nini, nini kilimshinda. Hapo nakusihi sana: usiandike makosa tu. Mama ambaye kila jioni anasoma orodha ya makosa ya mwanawe huacha kulifungua daftari. Andika hata hili: "Leo alimpa mwenzake mpira."