Seva Mbili, Jina Moja: Soma Hii Kabla Hujanunua Swichi Mpya

Juzi kijana mmoja anayefanya kazi katika kampuni ya kutoa mizigo hapa Mombasa kaniandikia: "Kaka, seva yangu inapoteza diski, inarudi yenyewe, halafu inapotea tena. Bosi anasema ni kebo. Nimebadilisha zote. Nifanyeje?" Chini akabandika mstari wa logi, yaani kumbukumbu ya matukio ya mashine: detected conn error (1020), maana yake muunganisho umekatika. Nilipouona tu, moyo ulinipiga. Mstari huo naujua. Nilimjibu, na jioni yake akaniambia mambo yametulia. Lakini naliandika hili kwa ajili yenu nyote mnaotaka kuwa mainjinia wa mitambo ya hifadhi mkiwa hapa hapa Pwani.

Mimi lilinikuta katika ofisi moja karibu na Kilindini. Tulikuwa na mashine moja ya hifadhi, na seva zikitumia diski zake kupitia iSCSI: diski iko kwingine, seva inaiona kana kwamba imefungwa ndani yake, na data inapita kwenye waya wa mtandao, poti 3260. Seva ya hati za forodha ilienda vizuri muda mrefu. Ikahitajika seva ya pili, ya picha za makontena. Mtaalamu aliyeletwa kutoka nje hakuiunda upya. Alichukua nakala ya ile ya kwanza, akabadilisha jina la mashine na anwani ya IP, akapokea chake akaenda zake.

Tangu siku hiyo hatukupata raha. Hati inafunguka nusu, skrini inaganda, karani anasubiri, madereva wa malori wanapiga simu wakitukana. Mtaalamu akaitwa tena, akasema swichi, kile kifaa kinachounganisha waya za mtandao, imekufa. Ikanunuliwa mpya, na bei yake si ya mchezo. Hali ikabaki vile vile. Niliposema swichi haina kosa, niliambiwa mbele ya watu kwamba fundi wa waya ashike waya wake. Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo.

Nikaamua kuisoma protokali yenyewe, yaani kanuni za mazungumzo ya seva na hifadhi. Kanuni hizo huandikwa kwenye hati ziitwazo RFC: iSCSI iliandikwa kwenye RFC 3720 mwaka 2004, ikapangwa upya kwenye RFC 7143 mwaka 2014, na jibu lote limo humo. Seva inapoomba kuingia, inajitambulisha kwa vitu viwili: jina lake la iSCSI, lile linaloanza na iqn, na namba ya biti 48 iitwayo ISID. Mashine ya hifadhi nayo inatoa namba yake ya biti 16, TSIH, ambayo ndiyo inayoitambua sesheni, yaani muunganisho ulio wazi kati yao, kwa upande wake. Seva inayotaka sesheni mpya inaweka sifuri mahali pa TSIH, kisha inapewa namba kuingia kunapokamilika.

Sasa shikeni hapa. Likija ombi lenye TSIH sifuri, lakini jina na ISID ni zile zile za sesheni iliyo hai kwenye mlango ule ule wa hifadhi, sheria inasema ya zamani ifungwe na mpya ichukue nafasi. Wala si kasoro. Stima ikikatika ghafla, sesheni ya zamani inabaki ikining'inia upande wa hifadhi, na seva ikiwaka tena inahitaji kuifuta ili iendelee. Lakini mashine ya hifadhi ni kama bawabu asiyeona sura: ukipiga hodi ukasema wewe ni Juma, Juma aliyemo ndani anatolewa.

Kwenye Linux hiyo ISID kwa kawaida huanza na 00023d, na sesheni ya kwanza ya seva hii hufanana na ya kwanza ya seva ile. Kinachozitenganisha ni jina la iqn pekee. Na jina hilo limo kwenye faili, kwa hiyo ukinakili diski umelinakili nalo.

Nilifungua madirisha mawili, moja la kila seva, nikasoma /etc/iscsi/initiatorname.iscsi herufi kwa herufi. iqn.1993-08.org.debian:01: halafu mkia wa herufi na tarakimu ambao ulipaswa kuwa tofauti. Ulikuwa mmoja mpaka mwisho. Seva ya picha ikiingia, ya hati inatupwa nje. Ya hati inarudi, ya picha inatupwa. Nikaizima ya picha, kukawa kimya. Nikaendesha iscsi-iname, programu ya kutengeneza majina hayo, nikaipa jina jipya, nikaliandikisha upande wa hifadhi, nikaiwasha. Haikukatika tena. Hakuna aliyenishukuru, na ile swichi mpya iliendelea kusifiwa kwenye mikutano.

Wadogo zangu, someni. Kebo za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika pwani hii mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Mawasiliano ya nchi nzima yanapita kwenye mchanga wetu, na bado tukipata tatizo tunaambiwa tungoje mtu ashuke kutoka bara. Hamtaheshimiwa kwa kungoja. Zile RFC ni bure, na zina majibu ambayo mwenye kulipwa mara tatu yako hajayasoma. Msikubali kuambiwa "badilisha kifaa" na mtu ambaye hajafungua logi.

Kwa hiyo: mkinakili seva, futeni jina la iqn kwenye nakala. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, mnaweza kuweka mstari wa GenerateName=yes mahali pake ili kila nakala ijitengenezee lake. Windows hulijenga jina kutokana na jina la mashine, hivyo seva mbili zenye jina moja zitagongana vile vile. Tena nasema, angalieni majina kwanza.

Ila msiende upande wa pili mkaanza kubadilisha ISID kila seva inapowashwa. ISID ni sehemu ya jina la poti ya SCSI ya seva, yaani jina ambalo diski inaitambulia seva, na kwenye klasta, seva kadhaa zinazotumia diski moja kwa pamoja, haki ya kushikilia diski hufungwa kwenye jina hilo. Likibadilika, seva inarudi ikiwa mgeni mbele ya diski yake yenyewe. Kinachobadilishwa ni iqn ya nakala, tena mara moja tu, diski ikiwa imeshaondolewa na sesheni kufungwa kwa iscsiadm -m node -u. Mkimaliza, endesheni iscsiadm -m session -P 1 kwenye kila seva mlinganishe majina, kisha nendeni kwenye logi ya mashine ya hifadhi mhakikishe kila jina linatoka kwenye anwani za seva moja tu.